Kinamasi Nilichokinyima Alama

Siku yangu ya kwanza katika Amana nilifika ofisini nimevaa tai. Nilikuwa nimetoka idara ya ramani, ambako nilikaa miaka mingi nikichora mipaka ya mashamba ya watu nisiowajua, na huko mtu asiye na tai alionekana kama amekuja kuuliza kitu dirishani. Mkurugenzi wetu, mama mrefu asiyependa salamu ndefu, aliniangalia kutoka juu hadi chini akasema, "Bwana, na hiyo tai unaenda kanisani?" Nusu saa baadaye nilikuwa kwenye matope hadi magotini kando ya ziwa, nimeshika ncha moja ya kamba ya kupimia, na tai iko mfukoni. Nilirudi nyumbani jioni nikamwambia mke wangu kwamba nimeharibu maisha yetu.

Nieleze kwanza Amana ni nini, maana majirani zangu hapa Awasi hadi leo wanadhani nilikuwa natoa mikopo. Lilikuwa shirika dogo la hapa hapa Kisumu, na kazi yake ilikuwa kulinda sehemu za asili zilizobaki kando ya ziwa: vinamasi, vichaka vya kando ya mito, vilima vya mawe. Hatukuwa serikali. Hatukuwa na askari, na hatukuweza kumfukuza mtu kwake. Tulichofanya ni kukubaliana na mwenye ardhi, kisha tukaandikiana mkataba wa hifadhi. Mwenyewe anabaki na hati yake na atawarithisha watoto wake, ila yeye na wote watakaomfuata hawatachimba mifereji ya kukausha kinamasi, hawatajaza udongo, hawatajenga ndani. Mkataba huo unaandikishwa katika ofisi ya ardhi na unakaa juu ya hati ile miaka yote, hata shamba likiuzwa.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani kazi ni kulinda. Sivyo. Kulinda ni makaratasi na subira. Kazi inayoumiza kichwa ni kuchagua, kwa sababu sehemu zinazoomba ni nyingi na wewe una nguvu za kuchukua moja, pengine mbili. Ile usiyoichagua haikungoji. Ukirudi mwaka unaofuata utakuta nyanya, au matofali, au nyumba za kukodisha.

Nilipelekwa Homa Bay kwanza. Afisa Msimamizi wa huko alikuwa mzee wa misitu, mkali, aliyetembea haraka kuliko sisi vijana tuliojiita vijana. Ndiye aliyenifundisha mstari wa matembezi. Unachagua mstari mmoja ulionyooka katikati ya eneo, unatembea polepole, na kila baada ya hatua mia unasimama dakika tano, unaandika kila unachoona na kila unachosikia. Nilikuwa na tabia ya kueleza mambo. Nikiona nyasi zimekauka naandika "jua kali". Nikikosa wanyama naandika "wamesikia gari". Afisa Msimamizi alikata maneno hayo yote kwa kalamu nyekundu.

"Ukisimama dakika tano na husikii kitu," aliniambia, "andika kwamba husikii kitu. Usiandike sababu. Wewe umejuaje sababu?"

Nilimwona mtu mgumu bila maana. Nilikaa naye miaka minne.

Kutoka huko nilihamishiwa Port Victoria, chini ya Meneja wa Ardhi, mama aliyesomea sheria na aliyependa hati kama watu wengine wanavyopenda mpira. Kwake nilijifunza kwamba eneo zuri lenye hati mbaya ni huzuni tupu. Tulikuwa na msitu mmoja mdogo wa mto, mzuri ajabu, wenye nyani na miti ambayo mikono ya watu wawili haiizunguki. Hati ilikuwa kwa jina la babu aliyekufa zamani, mirathi haijafunguliwa, na wajukuu wote wanagombana. Niliposema tujaribu tu, Meneja wa Ardhi alifunga faili. "Utaandikiana na nani?" akaniuliza. "Na kaburi?" Tukaondoka, na msitu ule ukaisha mti mmoja mmoja tukiangalia.

Basi niliporudishwa Kisumu kuwa afisa wa tathmini, yaani mtu anayepima maeneo kabla hayajachaguliwa, nilijiona nimekamilika. Nilijua kutembea na nilijua hati. Kilichonikera ni jinsi Kamati ya Uteuzi ilivyochagua. Kamati ilikuwa ya watu saba, chini ya Mwenyekiti, daktari wa mifugo mstaafu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Walichagua kwa kelele. Anayependa ndege anataka mahali pa ndege, anayetoka sehemu fulani anataka kwao, na mwenye pumzi nyingi anashinda.

Nikatunga fomu. Ninasema nikatunga kwa sababu niliipenda kama mtu anavyopenda shairi lake mwenyewe. Ilikuwa na sehemu tano, kila moja na alama zake. Ya kwanza ukubwa, kwa sababu kipande kidogo kilichozungukwa na mashamba hufa kikianzia pembeni. Ya pili hali, yaani mimea imesimama vipi. Ya tatu tishio, na hapa ndipo watu hushangaa: mahali pasipo na hatari yoyote hupata alama chache, kwa sababu panaweza kungoja, na mahali ambapo tingatinga limeshafika hupata chache pia, kwa sababu umechelewa. Ya nne muunganiko, kama eneo limeshikana na mengine kiasi kwamba samaki na wanyama wanaweza kupita. Ya tano utayari wa mwenyewe. Mwenyekiti aliisoma akasema, "Sasa angalau tutagombana kwa tarakimu." Nilitembea nayo mwaka mzima kifua mbele.

Katika ile sehemu ya hali niliandika kitu ambacho leo kinaniuma. Niliweka kwamba mafunjo marefu, mabichi na yaliyofunika vizuri yapate alama zote. Kisha nikaweka kwamba kila dalili ya mtu iondoe alama: njia iliyokanyagwa, alama za moto, na hasa mafunjo yaliyokatwa. Ilionekana akili ya kawaida. Mahali pa asili ni mahali ambapo watu hawajaharibu, au sivyo?

Mwaka ninaousimulia tulikuwa na uwezo wa kuchukua kinamasi kimoja tu. Yalibaki maeneo mawili, Kolal na Kamuga. Haya ni majina ya vijijini, msiyatafute kwenye ramani kubwa.

Kolal iko upande wa magharibi wa mji, njia ya Seme. Unapita soko la Otonglo, unateremka kuelekea ziwani. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu aishiye mjini, hati moja, mirathi safi, mtu mwenye adabu aliyenikaribisha kwa soda. Mafunjo ya Kolal yalinizidi urefu mara mbili. Hakuna njia, hakuna bua lililokatwa, kijani kibichi hadi macho yanachoka. Nilitembea mstari wangu nikisimama kila hatua mia, na sikusikia ndege ila wawili watatu. Kwenye fomu niliandika: "Ndege wachache, upepo."

Naam. Upepo. Kama Afisa Msimamizi angekuwepo, angenivunjia ile kalamu nyekundu kichwani.

Kamuga iko upande wa pili, tambarare ya Kano, pale mto mdogo unapoingia ziwani. Wenyewe walikuwa ndugu watatu, kila mmoja na hati yake, na mkubwa wao ni Mzee Okelo. Walinitembeza wenyewe. Mafunjo ya Kamuga yalionekana kama kichwa cha mtu aliyenyolewa na kinyozi mlevi: hapa marefu, pale yamekatwa hadi chini, kule yanafika kiunoni. Njia zilikuwa kila upande. Wanawake walipita na matita ya mafunjo kichwani wakatusalimia. Ndege nilisikia wengi, akiwemo yule wa mafunjo mwenye kifua chekundu na utosi wa njano, ambaye haishi popote pengine. Niliwaandika wote. Lakini nilipofika sehemu ya hali, fomu yangu ilinyonya alama kama kupe. Kukatwa, toa. Njia, toa.

Mzee Okelo aliniambia wazi shida yao. Kulikuwa na mtu wa mpunga aliyetaka kukodi Kamuga yote kwa muda mrefu, achimbe mifereji, akaushe. "Sisi hatutaki sana," alisema, "lakini watoto wanasoma, Bwana. Tutangoja nyinyi mpaka mwisho wa mwezi. Hiyo mwezi ikiisha na hamjasema kitu, tunaenda kwa bodi ya ardhi na huyo jamaa."

Kamati ilikaa. Nilisoma alama. Kolal iliipita Kamuga mbali. Mama mmoja wa kamati aliuliza kama si vibaya kumwacha yule ndege wa kifua chekundu, na Mwenyekiti akamjibu, "Fomu imesema." Mimi nilitabasamu tu. Ikaamuliwa Kolal, na siku ya kutia sahihi ikapangwa.

Kuna jambo moja ambalo ninajisifu nalo katika kisa hiki, na ni moja tu. Sikuwahi kutuma barua ya kukataa kwa simu au kwa mtu. Nilipeleka mwenyewe. Mtu amekutembeza kwenye ardhi yake, unamwambia hapana ukiwa umekaa kwake. Kwa hiyo niliweka barua ya Kamuga mfukoni nikaenda.

Ndugu watatu hawakuwapo, walikuwa wamekwenda soko la ng'ombe. Nilimkuta mke wa Mzee Okelo akipasua mabua ya mafunjo mbele ya nyumba, kisu kidogo mkononi, mikeka miwili iliyokamilika imesimamishwa ukutani. Kila mtu alimwita Nyar Seme, binti wa Seme, kwa sababu kwetu mwanamke aliyeolewa mbali huitwa kwa jina la kule alikozaliwa. Nilikuwa nimesikia jina hilo mara nyingi katika ziara zangu na sikulifikiria hata kidogo.

"Jaduong', karibu," alisema, kwa heshima tunayompa mzee. "Mmechukua wapi?"

Nikamwambia Kolal. Akaacha kupasua.

"Kolal gani? Hii ya kwetu, chini ya Otonglo?" Kisha akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyocheka mtoto akivaa viatu vya babake. "Wewe Mzee, hiyo togo ya Kolal ni mrefu bure."

Togo ndiyo mafunjo kwa Kidholuo. Nilimwambia, nikiwa nimeanza kukasirika, kwamba nimeipima mwenyewe na ni nzima kabisa.

"Ulipima juu," alisema. "Ulipasua?"

"Kupasua kwa nini?"

Alichukua bua moja la Kamuga, akalipasua kwa kisu kutoka juu hadi chini, likatoa sauti kavu. Ndani lilikuwa jeupe, limebana. "Hii inashika. Mkeka yake unalalia mpaka mtoto anaoa. Ya Kolal ukipasua iko nyeusi, iko laini, inanuka. Mimi nilikata huko nikiwa msichana, ilikuwa togo mzuri sana. Halafu wakajenga hizo maploti huko juu, maji ya choo yote inateremka hapo. Togo inashiba, inakuwa mrefu, lakini ni ugonjwa. Mama zetu waliacha kuingia. Hata ndege waliacha. Wewe hukuona hakuna mtu anakata?"

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimetoa alama kwa kuona hivyo.

"Mbona hukuniambia nilipokuja?" nilimwuliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayetafuta wa kumlaumu.

"Uliniuliza? Ulipita hapa na mzee wangu, Baba Otieno, mimi nikakuletea chai. Ukasema asante."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu lilikuwa kubwa kuliko Kolal. Miaka yote ile niliongea na wenye hati. Wenye hati ni wanaume, na wanaume wa kwetu hawakati mafunjo. Wanaokata ni wanawake walioolewa hapo, ambao majina yao hayamo kwenye karatasi yoyote niliyowahi kufungua. Niliwapita njiani na matita yao nikawaandika kwenye fomu kama uharibifu.

Nyar Seme alinieleza basi, bila haraka, jinsi walivyokata Kamuga. Wanagawa kwa vipande, wanakata kimoja, wanakiacha kinapumzika hadi kichanue tena, hakuna anayekigusa. Anayekata kisicho zamu yake hunyang'anywa tita. Kile nilichokiona kama kazi ya kinyozi mlevi kilikuwa ratiba. "Tukiacha kukata inazeeka," alisema, "inaanguka yenyewe, inaoza, samaki wanakosa pa kupita."

Barua haikutoka mfukoni. Niliaga nikasema nitarudi. "Mwisho wa mwezi si mbali," alinikumbusha.

Asubuhi yake nilikwenda Kolal peke yangu na panga. Nilipasua bua la kwanza, la pili, la kumi. Laini, kijivu, harufu ya choo. Nilizunguka nyuma ya mafunjo, upande wa juu ambao mstari wangu wa matembezi haukuufikia, nikakuta mfereji mweusi umefichwa na magugu, unateremka taratibu kutoka kwenye nyumba za kukodisha. Nilikaa kwenye jiwe. Niseme ukweli, nilifikiria kunyamaza. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Kolal ingetiwa sahihi, kungepigwa picha, na hakuna mtu katika kamati angeingia humo na panga. Kamuga ingekauka na ingeandikwa kwamba ilikuwa na alama ndogo. Jina langu lingebaki safi kabisa, na hilo ndilo lililonitisha, kwamba lingebaki safi.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi kabla ya chakula cha mchana, matope yakiwa bado kwenye suruali, mabua matatu yaliyopasuliwa mkononi. Niliyaweka juu ya meza yake, juu ya barua zake. Nikamweleza yote, pamoja na neno "upepo".

Aliinua bua moja akalinusa, kisha akasema, "Mwenyekiti ataniuliza kwa nini nilikuamini."

"Mwambie hata mimi nilijiamini."

"Hiyo si jibu, Bwana." Alikasirika, na alikuwa na haki. Alisimama, akafungua dirisha kwa sababu ya harufu. "Na una uhakika sasa? Au kesho utaniletea mabua mengine?"

"Sina uhakika. Nina mtu anayejua kuliko mimi. Tupime maji."

Maji yalichukuliwa yakapelekwa maabara, na maabara hazina haraka na shida za mtu. Mwezi ukaisha. Majibu yalikuja baadaye, yakasema kile pua yangu ilichokwisha sema. Kamati ikaitwa upya. Nilisimama mbele ya watu saba nikaeleza jinsi fomu yangu ilivyompa mgonjwa alama za mzima na mzima alama za mgonjwa. Nilitarajia Mwenyekiti anirarue. Alikohoa tu akasema kwamba yeye naye, akiwa kijana, alimtibu ng'ombe mnono kwa wiki tatu kabla mama mwenye ng'ombe hajamwambia yule si mnono, amevimba. Watu wakacheka na mimi nikacheka, karibu nilie. Wakaiondoa Kolal, wakaamua Kamuga.

Lakini zilikuwa zimepita karibu wiki tatu tangu mwisho wa mwezi. Kila nilipompigia Mzee Okelo simu, iliniambia mteja hapatikani. Nilienda Kamuga na Mkurugenzi. Nilikuwa nimejiandaa kuona tingatinga, mifereji, maji yanatoka. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia Nyar Seme, na hakuna neno lililofaa.

Tulipinda kona ya mwisho, na mafunjo yalikuwa yamesimama. Marefu hapa, mafupi pale, na wanawake ndani. Nilishuka nikashika mlango wa gari nikasimama hapo hapo nikicheka peke yangu. Sikuona haya. Mkurugenzi, ambaye hapendi salamu ndefu, alinigonga begani mara mbili akatangulia.

Mzee Okelo alikuwa na simu iliyoangukia ziwani na hasira nyingi. "Hawa wanawake watanimaliza," alisema. "Huyu jamaa wa mpunga alikuwa tayari. Lakini siku hizi bodi ya ardhi haiwezi kupitisha kukodisha kama bibi hajasimama hapo aseme amekubali. Tumepangiwa siku mara ya kwanza, bibi yangu ana matanga kwao Seme. Bibi za ndugu zangu wanamsindikiza. Mara ya pili, bado matanga. Mara ya tatu, omera, ndugu yangu, bado matanga! Huyo jamaa alichoka, akaenda kutafuta shamba kwingine."

"Poleni kwa msiba," Mkurugenzi alisema.

"Ahsante," alisema Mzee Okelo, na akatukaribisha ndani.

Mkataba wa Kamuga ulichukua miezi kuandikwa, kwa sababu wakili wetu hakuwa amewahi kuandika mkataba wa hifadhi unaoruhusu kukata. Alitaka kuweka "hakuna kuvuna". Nilimpeleka Kamuga, akakaa na Nyar Seme na kisu chake, akarudi akaandika zamu, vipande na kupumzika, kifungu kwa kifungu. Siku ya sahihi ndugu watatu walitia sahihi, na wake zao watatu pia, kila mmoja kwa jina lake kamili. Nilisoma majina hayo kwa mara ya kwanza.

Kolal hatukuitupa. Tulimsaidia yule mwalimu kuandika malalamiko juu ya mfereji, na baada ya vuta nikuvute wenye nyumba walichimba mashimo ya maji taka. Inachukua muda. Labda siku moja itarudi mezani. Na fomu yangu ilibaki, ila swali la kwanza kabisa sasa, kabla ya ukubwa, ni hili: nani anaingia humu kila siku, na umeongea naye? Vijana walionirithi wana ndege zisizo na rubani zinazopiga picha kutoka juu, picha nzuri sana za urefu na kijani. Ninawaambia wachukue pia kisu.

Nimestaafu sasa. Nakaa Awasi, naangalia trekta za miwa zikienda Muhoroni, nina ng'ombe wawili ambao natumaini hawajavimba. Watu huniuliza kama sikumbuki kazi. Nakumbuka. Lakini zaidi ninashukuru, kwa sababu ningeweza kustaafu nikisifiwa kwa kazi iliyokausha Kamuga, na nisingejua kamwe.

Kulikuwa na deni moja la adabu lililobaki. Kwa desturi yetu, mtu aliyekusaidia akifiwa, huwezi kukaa kimya, unakwenda kumpa pole hata kama umechelewa. Mimi nilikuwa nimechelewa miaka miwili. Wiki ile niliyoacha kazi nilinunua sukari na majani ya chai, nikaenda Kamuga, nikamkuta Nyar Seme na wake za ndugu za mumewe wakishona mikeka. Nikampa zawadi nikamwambia nimekuja kumpa pole kwa ule msiba wa Seme, na anisamehe kwa kuchelewa, kwa maana najua yalikuwa matanga makubwa, ya wiki tatu.

Wanawake wale wawili waliinamisha vichwa vyao kwenye mikeka. Mabega yao yakatikisika.

"Ero kamano, Jaduong', asante," alisema Nyar Seme, akapokea sukari kwa mikono miwili. "Alikuwa shangazi yangu, mtu mzuri sana. Tulimzika Jumamosi ya kwanza. Hizo wiki zingine tulikuwa tunakungoja wewe."